Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na sidhani kama kuna msomaji wa ukurasa huu anayehitaji kuelezwa maana yake. Adui yako hatoki mbali. Yuko karibu, anakula nawe, anajua unapolala. Tunaitumia pale rafiki anapomgeuka rafiki, au mweka hazina anapotafuna michango ya kikundi. Lakini hebu isome tena taratibu, neno kwa neno, kama vile ndiyo mara ya kwanza. Haisemi "akulaye". Inasema "kikulacho". Ni kitu, si mtu. Kwa lugha nyepesi, ni chawa. Yaani aliyeitunga alikuwa mtu anayewashwa, akavua nguo yake, akapekua mishono, akamkuta mdudu. Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliomtoa chawa kwenye ile nguo tukamweka jirani.

Safari hiyo ya kutoka kwa chawa hadi kwa jirani naifikiria sana, kwa sababu mimi mwenyewe nawashwa.

Huu ni mwaka wa tatu. Mwili ukianza kupata joto, kabla jasho halijatoka sawasawa, ngozi inaanza kuchomachoma. Huanzia mgongoni katikati ya mabega, inapanda shingoni, inaingia kichwani kwenye nywele, kisha inashuka mikononi. Si maumivu hasa, wala si ule mwasho wa kung'atwa na mbu. Ni kama kupita kwenye upupu, au kama sindano nyingi ndogo zinazogusa na kuondoka, zinagusa na kuondoka. Hudumu dakika kumi, kumi na tano, siku nyingine zaidi. Jasho likishatiririka kweli kweli, hali inatulia. Na ukiitazama ngozi yangu wakati huo huoni kipele wala uvimbe. Unaona mistari tu niliyojichora kwa kucha.

Mimi ni mwalimu. Nimezaliwa kijijini mkoani Shinyanga na ninafundisha sekondari mkoani Geita. Shuleni naenda kwa baiskeli. Anayeijua Kanda ya Ziwa mwezi wa kumi, kabla mvua za vuli hazijashika, anajua kwamba kumwambia mtu wa huku asitoke jasho ni kumwambia asiishi. Kupanda kilima, kubeba maji, kusimama mbele ya wanafunzi sitini chini ya bati, kucheza mpira na watoto jioni: kila kitu kina jasho ndani yake. Kwa hiyo mwasho wangu si jambo la kando. Uko katikati ya siku.

Sasa, Kiswahili kina mtego mdogo hapa. "Nawashwa" ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa huacha kiti wazi nyuma yake. Nimeng'atwa na mbwa. Nimechomwa na mwiba. Nimeibiwa na kibaka. Ukisema "nawashwa" halafu ukanyamaza, msikilizaji anangoja umkalishe mtu kwenye kile kiti. Unawashwa na nini? Na hiyo "nini" ikikosa jibu, ulimi unateleza kidogo tu, irabu moja, i inageuka a: basi unawashwa na nani?

Insha hii inahusu irabu hiyo.

*

Tuanze na wasioamini, maana ndio wengi.

Nilipokwenda hospitali mara ya kwanza, nilipimwa damu, mkojo na choo. Majibu yakaja. "Mwalimu, vipimo vyote viko sawa, huna kitu." Mgonjwa yeyote ameshalisikia hilo neno, "huna kitu". Kwa mpimaji lina maana kwamba karatasi haikuonyesha kitu. Kwa anayewashwa lina maana kwamba anachokihisi hakipo. Hizo ni sentensi mbili tofauti kabisa, ila zinatamkwa kwa maneno yaleyale, na mtu anatoka nje ya mlango akiwa na ile ya pili.

Wahenga wetu walilijua hili vizuri kuliko karatasi ya maabara. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Angalia jinsi methali zetu zinavyopenda wadudu wanaowasha. Nadhani ni kwa sababu mwasho ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa jambo lenye shahidi mmoja. Mvunjika mguu ana mashahidi, kwani hata mtoto anaona mguu umepinda. Mwenye homa ana kipimajoto. Mwenye kuwashwa ana neno lake tu. Mtaalamu wa fasihi wa Marekani, Elaine Scarry, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu mwili na maumivu, anaieleza hali hiyo hivi: kwa anayeumia hakuna jambo lililo hakika zaidi ya maumivu yake, na kwa aliye pembeni hakuna jambo rahisi zaidi kulitilia shaka. Watu wawili wamekaa benchi moja. Mmoja hawezi kukana, mwingine hawezi kuthibitisha.

Lugha ingepaswa kutusaidia hapo. Virginia Woolf, katika insha yake ya mwaka 1926 kuhusu kuugua, alilalamika kwamba Kiingereza kina maneno mengi ya mapenzi na ya wafalme, lakini mwenye kuumwa kichwa akifika kwa daktari lugha inamkaukia. Kwa upande huu sisi tuna neema. Kidonda kinachonyota, jino linavuta, kichwa kinagonga, mguu umekufa ganzi, ngozi inawasha, inachoma, inatekenya. Joto lenyewe lina vipele vyake, vinaitwa harara. Na nani Tanzania hii hajui gari la washawasha la polisi? Serikali yenyewe inajua kwamba mwasho ni kitu cha kutosha kutawanya umati. Sasa kwa nini mtu mmoja akisema anawashwa anaambiwa hana kitu?

Hata sayansi ilichelewa. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliuchukulia mwasho kuwa maumivu madogo, yaani maumivu ambayo hayajafikia kiwango. Mwaka 1997 ndipo watafiti wa Ulaya walipoeleza kwamba katika ngozi ya binadamu zipo nyuzi za neva zinazopeleka mwasho, wenyewe kama wenyewe. Kabla ya hapo watu waliwashwa vilevile. Neva hazikusubiri kutambuliwa ndipo zianze kazi.

*

Jina lilikuja baadaye, kwa daktari mwingine aliyenisikiliza hadi mwisho. Kuna hali inayoitwa urtikaria ya kolinejiki. Ilielezwa mwaka 1924 na daktari Mmarekani, William Duke. Mwili unapopata joto kwa mazoezi, kwa jua, kwa maji ya moto, hata kwa hasira au aibu, neva zinaziamuru tezi za jasho zifanye kazi, na mjumbe wanayemtumia ni kemikali inayoitwa asetilikolini. Kwa baadhi ya watu amri hiyo ya kawaida inaambatana na seli za ngozi kumwaga histamini, ileile inayokuwasha ukiguswa na kiwavi. Wengi wao hupata vipele vidogo sana, milimita moja hadi tatu, ambavyo huja kwa dakika chache na kwa kawaida hupotea kabla ya saa moja au mbili. Wapo pia wanaochomwachomwa bila kipele chochote kuonekana. Na wapo ambao shida yao inahusiana na vitundu vya jasho kuziba, au na jasho lenyewe kuwa haba.

Daktari aliniambia wazi kwamba hali yangu inafanana na hiyo, lakini hawezi kuapa. Kwa nini mimi, kwa nini ukubwani, kwa nini sasa? Hakuwa na jibu na hakulitengeneza. Akaniandikia setirizini, akanifundisha mambo ya kuangalia, na akanipa onyo ambalo nalirudia hapa kwa faida ya msomaji mwenye hali kama yangu: siku mwasho ukija pamoja na kubanwa pumzi, uso au midomo kuvimba, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, hapo hakuna falsafa. Ni hospitali, haraka.

Nilitoka pale bila jibu kamili na bado nikawa na nafuu. Nimejiuliza mara nyingi nafuu ile ilitoka wapi. Naona ilitoka hapa: daktari yule alitenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayafunga kamba moja. La kwanza ni kwamba nawashwa. La pili ni kwa nini nawashwa. Kwenye la kwanza aliniachia neno la mwisho. Kwenye la pili hakuniachia, na yeye mwenyewe hakujitwalia.

Hilo ndilo wazo langu lote, na yaliyobaki ni kulipima. Mwenye mwili ndiye mkuu wa anachokihisi. Si mkuu wa sababu yake. Asiyeamini anakosea pale anapoona sababu haipo kisha akaamua kwamba na hisia haipo. Lakini lipo kosa la upande wa pili, nalo kwetu Usukumani limemwaga damu: kuona kwamba kwa kuwa hisia ni ya hakika, basi na sababu inayonijia kichwani ni ya hakika vilevile.

*

Usukuma una historia hapa, na si busara kuizunguka. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928, wakati wa Waingereza, na haikumaliza kitu. Kwa miongo mingi vikongwe, hasa wanawake, wameuawa Shinyanga, Mwanza, Geita na jirani zake kwa tuhuma za uchawi. Walipojitokeza sungusungu huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, walifanya kazi ambayo polisi hawakuifikia, lakini katika vijiji kadhaa walikwenda pia kwenye milango ya bibi zetu. Jina lao lenyewe ni la mdudu mweusi anayeuma. Tunarudi palepale kwa wadudu.

Alama iliyotumika sana ilikuwa macho mekundu. Kikongwe mwenye macho mekundu ni mchawi, basi. Sasa fuata "nini" ya macho hayo. Macho ni mekundu kwa moshi. Moshi ni mwingi kwa sababu bibi anapikia samadi iliyokauka na mabua kwenye kibanda kisicho na dirisha. Anapikia samadi kwa sababu kuni hakuna. Kuni hakuna kwa sababu Shinyanga ilikatwa miti kwa miaka mingi: kwa vita dhidi ya mbung'o, kwa mashamba ya pamba, kwa mkaa. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na watu wakarudia desturi ya ngitili, kutenga eneo la malisho na miti lipumzike, hakuna aliyesema kwamba ni mradi wa kupambana na mauaji ya vikongwe. Ila ukiuliza "nini" kwa uvumilivu, unafika kwenye mti. Ukiuliza "nani" kwa haraka, unafika kwenye shingo ya bibi.

Mchumi mmoja wa Marekani, Edward Miguel, alichunguza mauaji hayo katika wilaya ya Meatu, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga, na mwaka 2005 akachapisha alichokiona. Katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya waliotuhumiwa uchawi yalikuwa kama mara mbili ya miaka mingine, wakati mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Karibu wote waliouawa walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi waliowaua walikuwa ndugu. Mvua inakosea njia, bibi anauawa na ndugu zake. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli, lakini kwa maana ambayo hatukuikusudia.

Ninalotaka kulisema ni hili: wengi wa waliokwenda kwa mpiga ramli hawakuwa waongo kuhusu hisia zao. Mtoto kweli alikuwa na homa. Ng'ombe kweli walikufa. Mtu kweli aliwashwa usiku kucha. Ukweli wa uchungu ndio uliowapa ujasiri, wakauhamishia ujasiri huo mahali ambapo haukustahili.

*

Geita jambo hili lina sura yake ya dhahabu.

Kijana mmoja niliyemfundisha aliacha shule akaenda machimboni. Alifanya kazi kwenye duara, na wenzangu wa huku mnajua utaratibu: hulipwi mshahara, unagawiwa mawe. Usiposhuka, huna mgawo. Chini kule ni joto na jasho tupu. Akaanza kulalamika kwamba akishuka ngozi inamchoma kama moto, akitoka akipigwa na upepo inaisha. Wenzake wakatazama, hawakuona kitu. Wiki ya kwanza wakasema ni mvivu, mtoto wa mama. Wiki ya pili wakasema ametupiwa kitu na mtu anayemwonea wivu. Jamani, tazama kasi hiyo. Kutoka mvivu hadi aliyerogwa, hatua moja, na hakuna aliyesimama katikati akasema: huyu mwenzetu anawashwa.

Aliniambia pia, kwa kupitapita tu, kwamba wakati wa kukamata dhahabu huchanganya zebaki kwa mikono mitupu, na kwamba huwa wanaichomea uani, karibu na jiko. Hilo si siri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilifika hadi Rwamagasa, mkoani hapa, kuchunguza zebaki kwa wachimbaji wadogo, na waliokuwa wakiichoma walionekana kuwa nayo mwilini. Mvuke wa zebaki unadhuru neva: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahau, ganzi. Sisemi zebaki ndiyo iliyomwasha yule kijana, maana ngozi yangu mimi haijawahi kugusa zebaki na inachoma vilevile. Nasema kwamba kati ya wote waliomshauri, wapo waliomuuliza amegombana na nani, na hakuna aliyemuuliza ameshika nini. "Nani" ilikuwa imeshakaa kwenye kiti.

Msomaji makini atanipinga hapa, na ana haki. Je, "nani" si swali halali? Zebaki haijileti yenyewe machimboni. Kuna anayeiuza, kuna anayefumba macho, kuna anayenunua dhahabu bila kuuliza ilivyopatikana. Kweli kabisa. Tazama Minamata, kule Japani. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu ulitangazwa rasmi kati ya familia za wavuvi: ganzi ya mikono na miguu, kutembea kwa kupepesuka, paka waliokuwa wakirukaruka kama wanacheza ngoma. Mwanzoni watu walidhani ni wa kuambukiza, wagonjwa wakatengwa na majirani zao. Ilikuwa zebaki, ya aina tofauti na hii yetu ya mvuke, iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kampuni ya Chisso, ikaingia kwenye samaki. Serikali ya Japani ilikiri hivyo mwaka 1968, miaka kumi na miwili baadaye. Pale kulikuwa na "nani" mkubwa sana. Lakini alipatikana kwa sababu kuna watu walioshikilia "nini" bila kuchoka: nini kipo kwenye samaki, nini kipo kwenye maji, bomba linatoka wapi. "Nani" inayokuja baada ya "nini" inaitwa haki. Inayokuja kabla yake, kwetu huku, inakuja na panga. Na tazama inavyochagua: isiyopita kwa "nini" haimwangukii mwenye kiwanda. Inamwangukia mnyonge aliye karibu, kikongwe asiye na watoto wa kumtetea.

*

Nitawatendea haki waganga pia, maana ni rahisi mno kuwasema ukiwa na simu mkononi. Sheria ya mwaka 2002 inaitambua tiba asili, na wapo wazee wa mitishamba ambao hawajawahi kumtaja jirani wa mtu. Serikali ilipotangaza marufuku Januari 2015, ililenga wapiga ramli, zile tunazoziita ramli chonganishi. Jina zuri sana hilo, chonganishi, kwa sababu linataja kazi inayofanyika: kukugonganisha na mtu.

Lakini kwa nini watu wanakwenda? Hospitalini nilipata dakika tano. Kwa mganga, kijana wangu alikaa karibu saa nzima. Aliulizwa mwasho unaanza wapi, unakwenda wapi, analala vipi, anaota nini, nyumbani wanaishije. Hakuna aliyemwambia hana kitu. Katika nusu ya kwanza ya kazi, ile ya kuamini, mganga aliwashinda wote. Nusu ya pili ndipo alipouliza ni nani anayemwonea wivu. Kumbe tunalazimishwa kuchagua kati ya anayekataa hisia yako na anayeiuza hisia yako. Anayetakiwa ni wa tatu, mwenye masikio ya mganga na mdomo wa yule daktari wangu wa pili. Yule kijana hakumpata. Siku hizi anaendesha bodaboda Katoro. Anasema upepo unampoza, na hajamtaja mtu.

Mimi nami kiti kiliwekwa mbele yangu. Likizo moja nyumbani, baada ya chakula cha usiku, baba mdogo aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hii hali ilikuanza ukitoka huku. Kabla ya kuondoka ulipita kwa nani?" Nikajua anaelekea wapi. Kuna bibi anaishi peke yake nyuma ya zizi letu, macho yake ni yale niliyokwisha kuyaeleza. Uani palikuwa kimya. Nikamjibu kwa heshima: "Baba, ngozi yangu inawashwa na jasho. Jasho halina ukoo." Shangazi akacheka, wengine wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya pamba.

Kicheko hakitoshi, kwa sababu neno likishaguswa halirudi lilikotoka. Asubuhi, watu wakiwa njiani kwenda kisimani, nilikwenda kwa yule bibi. "Shikamoo, mayu." Akaniitikia, akanikaribisha kigoda nje ya mlango, akaniletea matobolwa kwenye bakuli. Nikala pale pale, taratibu, kila anayepita akiniona, hadi bakuli likaisha. Hatukuzungumza habari za uchawi wala za ngozi. Tuliongea juu ya mvua. Kijijini kwetu mtu akila chakula cha mtu hadharani ametoa ushahidi mkubwa kuliko hotuba, na ule ndio ushahidi niliokuwa nao wa kumpa. Jua lilikuwa limeshapanda. Mgongo ulianza kunichoma nikiwa bado natafuna.

*

Basi mtu anaishije na kitu kama hiki?

Kwa mambo madogo. Naamka mapema, natembea kabla ya kupanda baiskeli ili joto lije kidogo kidogo, maana likija ghafla ndipo linaponiadhibu. Navaa pamba, sivai nailoni. Nina chupa ya maji ya kujimwagia shingoni. Dawa nakunywa kama nilivyoandikiwa. Wapo ambao jasho la makusudi, la polepole, la kila siku, huwapunguzia hali hii, na naona kama mimi ni mmoja wao. Nina daftari: tarehe, saa, nilichovaa, nilichokula, mwasho ulidumu dakika ngapi. Hilo daftari ndiyo nguo yangu ninayopekua mishono. Bado sijamkuta mdudu.

Nimegundua kwamba ugumu hauko kwenye mwasho. Ugumu uko kwenye kile kiti kitupu. Akili ya binadamu haipendi kukiona wazi. Afadhali ikalishe mtu yeyote, hata asiye na hatia, kuliko kukitazama. Wengine hujikalisha wenyewe: ni dhambi zangu, ni laana, ni udhaifu wangu. Huo nao ni ramli, tofauti ni kwamba unajipigia mwenyewe. Tunasifu subira, na kwa kawaida tunamaanisha kuvumilia maumivu. Mimi naona ipo subira ya pili, iliyo ngumu zaidi, nayo ni kuvumilia kutokujua. Haionekani kuwa ushujaa, kwa sababu mtu anaonekana amekaa tu. Lakini katika nchi hii ya kwetu, kati ya Shinyanga na Geita, wapo bibi walio hai leo kwa sababu kuna mtu mahali fulani alikuwa na uchungu wa kweli na akakubali kukaa nao bila kutaja jina.

Ninaye mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye wiki iliyopita alikataa kukimbia mchakamchaka. Alisema mwili unamchoma akianza kutoka jasho. Mwalimu wa zamu alimtazama mikono, hakuona kitu, akaniangalia mimi. Nilimwambia yule mtoto akae kivulini, nikamuuliza inaanzia wapi.